Kitabu cha neno moja

"Hiki nini mwanangu? Hirizi?"

Mama mdogo alikiweka kiganjani, akakigeuza, akasogea nacho dirishani penye mwanga. Tulikuwa sebuleni kwake Tukuyu mwezi Februari, mvua inapiga bati, ndizi zinatokota jikoni. Kitu alichoshika kilikuwa na urefu wa milimita 40, upana wa milimita 30 na unene wa milimita 7. Kilivikwa kitenge cha buluu na kufungwa kwa uzi mwekundu.

"Ni kitabu, mama mdogo. Kifungue tu."

Hakukifungua mara moja, na sikumlaumu, maana swali lake lilikuwa la mtu anayejua vitu. Hirizi ni karatasi iliyoandikwa, ikakunjwa, ikashonewa ndani ya ngozi au kitambaa, ikavaliwa. Ina maandishi, ina jalada, ina mshono. Imepungukiwa jambo moja tu ili iitwe kitabu: haitakiwi kufunguliwa.

Wakusanyaji wa vitabu vidogo wana kipimo chao. Nchini Marekani kitabu huhesabiwa kuwa kidogo kama hakizidi inchi 3, yaani milimita 76, kwa urefu, upana na unene. Kwingine huvumilia hadi milimita 100. Mjini Baku, Azabajani, ipo makumbusho nzima ya vitabu hivyo, iliyofunguliwa mwaka 2002. Watoto wa familia ya Brontë kule Uingereza, miaka ya 1820, waliandika magazeti na hadithi za kutosha wanasesere wao askari, kwenye vipande vya karatasi vya kuokoteza, pamoja na karatasi za kufungia sukari. Kuna kimoja ambacho mama mdogo angekitambua papo hapo: Kurani iliyochapwa mwanzoni mwa karne ya 20 na David Bryce wa Glasgow, isiyofika milimita 30 kwa urefu, ikakaa ndani ya kikebe cha chuma chenye lenzi kwenye kifuniko. Askari Waislamu waliivaa shingoni katika Vita Kuu ya Kwanza. Hirizi hiyo, ila inafunguka na inasomeka.

Kutengeneza kitabu kwa mkono si kazi ya kigeni kwetu. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika karne za 18 na 19 kwa kunakili Kurani na kuzijalidi, wino mweusi na mwekundu, mapambo pembezoni. Mwandiko ulikuwa wa wenyeji, na kujalidi vilevile. Kilichotoka ng'ambo kilikuwa karatasi, nyingi ikiletwa kutoka Italia. Nilipoamua kutengeneza kitabu kidogo nilitaka mambo yaende kinyume: karatasi ndiyo iwe ya hapa kwetu. Basi nikapanda basi kutoka Mbeya kwenda Iringa, safari ya zaidi ya kilomita 300, kununua karatasi ya tembo.

Neema Crafts ilianza mjini Iringa mwaka 2003, chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Mwanzilishi wake alikuwa msanii kutoka Uingereza, Susie Hart, na kazi ilianza na vijana watatu viziwi na bidhaa moja ambayo watu waliisikia wakadhani wanataniwa: karatasi ya kinyesi cha tembo. Baadaye zikaja ufumaji, ushonaji, shanga, useremala, na mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Mimi huiweka karatasi ile mbele ya vyote, kwa sababu inaeleza mnyama, mmea na mkono wa mtu kwa pamoja.

Tembo mzima anaweza kula hadi kilo 150 za nyasi, magome na matawi kwa siku. Ng'ombe hucheua, chakula kikarudi mdomoni kikasagwa upya, tembo hacheui. Chakula chake huchachushwa nyuma kabisa, kwenye utumbo mpana, kwa muda mfupi, na nusu yake au zaidi hutoka bila kumeng'enywa. Hasara ya tembo ni faida ya mtengeneza karatasi. Gome limeshatafunwa, sehemu laini zimeshaondolewa, na nyuzinyuzi ngumu zimebaki zikiwa zimeachana nusu. Kazi ya kwanza ya kiwanda chochote cha karatasi ni kuzitenganisha nyuzi za mmea, na hapa imeshaanzwa porini bila mtambo.

Inayobaki hufanyika kwa masufuria na mikono. Kinyesi huoshwa, huchemshwa kwa saa nyingi, huoshwa tena hadi maji yatoke safi, kisha nyuzi hupondwa na mara nyingi kuchanganywa na karatasi chakavu. Harufu huondoka yote na maji. Rojo humiminwa kwenye beseni, fremu yenye wavu huzamishwa na kuinuliwa ikiwa imelala sawasawa, ikitikiswa kidogo mbele na nyuma, kushoto na kulia, kabla maji hayajaisha kuchuruzika. Uso wa rojo huwa unang'aa. Kisha, ghafla, mng'ao unakufa. Hapo maji yameondoka kiasi cha kutosha na nyuzi zimelaliana, karatasi iko tayari kutolewa kwenye wavu. Ukingoja zaidi hupati kitu, ukiwahi unapasua. Ishara hiyo haina mlio wowote. Ni ya macho, na ni ya mikono iliyozoea uzito wa fremu.

Karatasi hiyo haihitaji gundi ili ishikamane, na jambo hili lilinishangaza nilipolielewa kwa mara ya kwanza. Kila uzi umejengwa kwa selulosi, minyororo mirefu ya sukari iliyoungana. Maji yanapokauka huzivuta nyuzi zikaribiane, na zikishakaribiana vya kutosha, hidrojeni za uzi mmoja hushikana na oksijeni za jirani yake. Kila kishikizo peke yake ni dhaifu. Viko mabilioni kwa mabilioni, na ndiyo maana karatasi inachanika kwa kelele. Ndiyo maana pia maji huiua karatasi: yanajipenyeza katikati na kuviachisha vishikizo vile vile ambavyo yalisaidia kuvifunga.

Njiani kurudi Mbeya, basi linapita Mafinga katikati ya misindano ya Sao Hill, au paina kama wengi tunavyoiita, shamba la miti la serikali kubwa kuliko yote nchini. Mti uliotawala pale asili yake ni Mexico. Sehemu ya miti hiyo huishia Mgololo, Mufindi, kwenye kiwanda kilichoanza kazi mwaka 1985, kuwa karatasi ya kaki ya mifuko na vifungashio. Nilikuwa na karatasi ya tembo mapajani na kipande cha kaki mfukoni, nikawa navilinganisha dirishani. Mashine ya karatasi hukimbia, na rojo linapomwagika juu ya wavu unaokimbia, nyuzi nyingi hulala kuufuata mwendo, kama majani ndani ya mfereji. Kwa hiyo karatasi ya kiwandani ina upande wake. Jaribu nyumbani: kata vipande viwili vyembamba vya karatasi ya kopi, kimoja kwa urefu wa karatasi, kingine kwa upana, urefu na upana wa vipande uwe sawa. Vishike vyote viwili kwa ncha moja. Kimoja kitainama kuliko kingine. Ukikunja kwa kuufuata upande wa nyuzi mkunjo unakuwa mnyoofu. Ukikunja kwa kuukata, nyuzi zinavunjika na mkunjo unakuwa na meno. Karatasi iliyotikiswa kwa mikono huku na huku karibu haina upande. Ukiikunja popote inakubali.

Ila ni nene. Nilibana karatasi kumi pamoja nikapima milimita 4, yaani kila moja milimita 0.4, mara nne ya karatasi ya kopi. Hapo ndipo nilipokutana na sheria inayotawala vitabu vidogo vyote, na watu wengi hawaijui kwa sababu wanadhani kitabu kidogo ni kikubwa kilichopunguzwa.

Chukua ukurasa wa A4 wa karatasi ya kopi, upana wake milimita 210. Ukiushika kando unalegea, unainama kwa uzito wake, na kwa ulegevu huo kitabu kikubwa hukubali kulala wazi mezani. Sasa ukate uwe na upana wa milimita 30, mara saba pungufu. Ungetegemea ulegevu upungue mara saba. Unapungua mara 343, yaani saba mara saba mara saba, kwa sababu ukurasa mfupi una uzito kidogo wa kujivuta na mkono mfupi wa kuvutia. Karatasi ile ile iliyokuwa kama kitambaa imekuwa kama ubao. Ili urudishe ulegevu wa A4 kwenye ukurasa wa milimita 30, itakupasa uwe na karatasi ya unene wa milimita 0.005 hivi. Unywele wa mtu ni mnene zaidi ya mara kumi ya hapo. Kwa hiyo kitabu kidogo cha kurasa nyingi kilichoshonwa hukataa kufunguka. Ukikiachia kinajifunga, au kinasimama wima kama kunguru aliyekunjua mbawa. Uzi nao huleta shida. Uzi wa kawaida wa cherehani una unene wa robo milimita hivi. Shona mafungu kumi na umeongeza milimita mbili na nusu kwenye uti wa kitabu. Katika daftari huwezi kuziona. Katika kitabu cha unene wa milimita 7 zinakigeuza kuwa kabari.

Unaweza kushindana na karatasi au kuisikiliza. Niliisikiliza. Kama haitaki kulegea, isilegee: nikaachana na kushona nikachagua mikunjo ya zigizaga, ukanda mmoja mrefu unaofunguka kama kinanda cha kodiani. Hapo ugumu wa karatasi unakuwa faida, kwa sababu kitabu kinasimama chenyewe juu ya meza, kurasa zote zikionekana kwa wakati mmoja. Wasanii huviita vitabu vya namna hii vitabu vya msanii: mkunjo, karatasi na jalada navyo vinasema.

Kisha maneno. Macho mazuri, kwa umbali wa sentimita 30, hutofautisha mistari miwili iliyoachana kwa sehemu ya kumi ya milimita hivi. Chini ya hapo inakuwa ukungu. Kalamu yangu nyembamba huacha mstari wa milimita 0.3. Herufi m ina miguu mitatu na nafasi mbili, kwa hiyo haiwezi kupungua milimita 1.5. Kwenye ukurasa wa milimita 30, ukiacha pambizo, zinaingia herufi kumi na sita. Lugha nyingine zina maneno mafupi mafupi yanayojaa hapo vizuri. Kiswahili kinapenda kuunganisha: tutakapokutana ni herufi 14, na mstari umekwisha. Siku mbili nzima niliona kwamba lugha yangu haifai kwa kazi hii.

Siku ya tatu nililiandika neno hilo kwenye bahasha, nikalikata kwa silabi kama tulivyofundishwa darasa la kwanza. Tu, ta, ka, po, ku, ta, na. Silabi saba, kila moja inaishia kwa irabu, kila moja inaweza kusimama peke yake bila kuvunjika. Wachapaji wa lugha za Ulaya wana kanuni ndefu za wapi neno likatwe mwisho wa mstari. Sisi tunakata popote penye irabu na msomaji hajikwai. Tena vipande vyenyewe vina maana. Tu ni sisi. Ta na ka, kwa pamoja, ni wakati ujao. Po ni mahali, na hapa imekuwa saa. Kuta, ku na ta, ndicho kitenzi. Na ya mwisho ni ile inayofanya jambo liende pande mbili, mimi nikukute na wewe unikute. Ukiitazama peke yake kwenye ukurasa wake, ni "na" tunayoitumia kila dakika kumuunganisha mtu na mtu. Nikajua kitabu changu kitakuwa na neno moja.

Kuna kitabu kilichotengenezwa mwaka 2007 katika Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, kinachoitwa Teeny Ted from Turnip Town. Kurasa zake zilichongwa kwa miale ya ayoni juu ya silikoni, kitabu kikiwa na ukubwa wa milimita 0.07 kwa 0.10, na hakisomeki bila hadubini ya elektroni. Ninaistahi kazi hiyo. Lakini hakiwezi kushikwa, na kwangu kitabu kisichoweza kupasha joto kiganja kimepoteza nusu ya uhai wake.

Silabi saba na ukurasa mmoja mtupu ni nane. Nane mara 30 ni 240, na karatasi ya tembo niliyonunua ilikuwa ya A4, urefu wake 297. Ukanda mmoja, bila kiungo. Ukanda wa kwanza niliuharibu kwa kukunja ukurasa mmoja baada ya mwingine kutoka kushoto. Kila mkunjo ulikosea kidogo, nusu milimita tu, lakini kosa la kwanza lililirithisha la pili, na nilipofika mwisho ukanda ulikuwa umetoka nje ya jalada kwa karibu milimita 4. Kwenye kitabu hiki hizo ni zaidi ya sehemu ya kumi ya ukurasa. Dawa yake ni kugawa nusu kwa nusu: kunja katikati upate 120, kila nusu katikati upate 60, tena katikati upate 30. Hivyo kosa halirundikani. Kwanza nilichora kila mkunjo kwa mpini wa kijiko, nikiukandamiza kando ya rula hadi nyuzi zikalala, kisha ndipo nikaukunja.

Karatasi ghafi ya tembo hunywa wino. Mstari wa kalamu unasambaa kama mizizi, kwa sababu njia nyembamba kati ya nyuzi zinauvuta. Inatakiwa kwanza inyweshwe kitu cha kuziba njia hizo. Nilipika uji mwembamba sana wa unga wa muhogo, nikaupitisha kwa brashi pande zote mbili za ukanda. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi joto 94 tu. Kwa wanga haidhuru, maana chembe zake huvimba na kupasuka kwenye 70 au chini ya hapo. Uji mzito wa unga wa ngano ukawa gundi. Karafuu mbili ndani yake huzuia ukungu, ujuzi wa zamani wa wajalidi vitabu.

Mbao za jalada nilizitoa kwenye kaunta buku kuukuu. Kitenge nilikipata sokoni Mwanjelwa kwa mama fundi cherehani ambaye huweka mabaki ndani ya kiroba.

"Shikamoo mama. Naomba kuchagua kipande."

"Marahaba. Chagua tu mwanangu, hivyo vya kujazia mito. Unataka kikubwa gani?"

Nikamwonyesha kadi niliyoikata dirisha katikati, milimita 30 kwa 40. Nikawa naipitisha juu ya vipande, kimoja baada ya kingine, na vitenge vikageuka. Ua kubwa likawa ukingo mmoja wa buluu. Mkia wa tausi ukawa mistari ya mvua. Mama fundi aliacha cherehani akainama naye kutazama dirishani, na kipande nilichochukua alikiona yeye: doa jeupe lenye duara mbili, ambalo kwenye doti nzima hakuna ambaye angeliona.

Ukibandika kitambaa upande mmoja wa ubao, ubao unajipinda, kwa sababu gundi ikikauka inajikunyata na kuvuta. Inakubidi ubandike kitu upande wa pili nao uvute kwa nguvu ile ile. Upande wa pili wa mbao zangu ulikuwa ukurasa wa kwanza na wa mwisho wa ukanda wenyewe. Nikaviweka chini ya mawe mawili ya mto usiku kucha, na asubuhi vilikuwa vimenyooka.

Basi mama mdogo akafungua uzi mwekundu. Akavuta jalada la juu kwa kidole gumba na cha shahada, mikunjo ikaachia mmoja mmoja, kitabu kikasimama juu ya meza mbele ya kikombe chake. Alisoma kwa sauti, kama mtoto wa shule: tu, ta, ka. Alipofika po akasita, akarudi mwanzo, akaliunganisha. Amezika wengi wa nyumba ile, na mwaka uliopita alimzika baba mdogo. Alifika silabi ya saba akageuza ukurasa wa nane, uliokuwa mtupu.

"Na nani?"

Sikujibu. Akakunja kitabu, akakifunga uzi, akakiweka kabatini karibu na redio.

Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mwezi Aprili hata chumvi inatoka jasho. Niliporudi kumtazama, kitabu kilikuwa pale pale kabatini, lakini bila uzi, na kilikuwa kimejifungua chenyewe kidogo. Nyuzi zilikuwa zimekunywa unyevu, mikunjo imelegea, jalada la mbele limejipinda kama jani. Nikakichukua kukinyoosha. Kwenye ukurasa wa nane palikuwa na maandishi ya kalamu ya wino wa buluu, mwandiko wa mtu aliyekuwa akishikilia kitu kidogo kwa vidole vikubwa. Lilikuwa jina la marehemu baba mdogo, herufi sita. Tano zilikaa safi. Ya sita ilifika kwenye mkunjo, mahali ambapo uji wangu ulikuwa umepasuka, na pale wino ulikuwa umeingia ndani ya nyuzi na kusambaa.

Nikakirudisha kabatini kilivyokuwa.